Si Wote wa Kaboya Waliouawa na Amin

Mwaka juzi, msibani Kamachumu, nilimkera mzee mmoja ninayemheshimu sana. Tulikuwa tumekaa kando ya migomba, kahawa ya kutafuna inazungushwa kwenye kikapu kidogo, na mazungumzo yalikuwa yameingia kwenye vita vya 1978 dhidi ya Uganda ya Amin, kama yanavyoingia kila wanapokutana wanaume wa Kagera wenye umri wa kukumbuka. Mzee alikuwa mgambo enzi hizo. Alisimulia vizuri, watu wakacheka, wakasikitika, wakacheka tena. Ndipo nikamwuliza kuhusu zile ndege zetu tatu. Akatema ganda la kahawa, akaniangalia. "Mwanangu, hayo hayasemwi msibani." Nikataka kujua yanasemwa wapi basi. Hakujibu, na kijana aliyekaa kando yangu akanigusa goti ninyamaze.

Nimenyamaza vya kutosha. Mkoani kwetu ipo imani iliyogeuzwa karibu kuwa sala: kila askari anayelala Kaboya aliuawa na nduli Amin. Anayelala pale alipigwa risasi kifuani, akimwangalia adui. Watoto wanafundishwa hivyo, wanasiasa wanahubiri hivyo, na sisi waandishi kila Julai tunaandika hivyo kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kujaza ukurasa. Imani hiyo si kweli. Na ubaya wake si kwamba inakosea historia tu, maana historia inakosewa kila siku na watu wanaendelea kuishi. Ubaya wake ni kwamba inawafukuza baadhi ya marehemu kwenye msiba wao wenyewe.

Kwa asiyepajua, Kaboya iko wilayani Muleba, kwenye kambi ya jeshi. Pale ndipo walipozikwa mamia ya askari wa Vita vya Kagera, na pana mnara mweupe wenye majina. Rais Kikwete aliwahi kufika Kaboya kuadhimisha Siku ya Mashujaa ya tarehe 25 Julai, na siku hiyo, kama kawaida, huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale na mashada ya maua. Ni mahali panapostahili heshima yote tunayoipa. Nami sina ugomvi na mnara. Ugomvi wangu ni hadithi tunayoisimulia tukiwa tumesimama mbele yake.

Twende kwenye hesabu. Tony Avirgan na Martha Honey, waandishi wa habari waliofuatana na majeshi yetu hadi Kampala, walitoa kitabu juu ya vita hivyo mwaka 1982. Humo wameandika kuwa askari wa Tanzania waliokufa walikuwa 373, na kwamba waliouawa katika mapigano ni 96. Toa mwenyewe. Wanabaki 277. Tarakimu hizo zinabishaniwa, najua, na wabishi wana haki yao. Lakini hata ukichukua wale 96 ukawaongezea nusu yao, walio wengi bado walikufa kwa njia nyingine. Jeshi linalohamisha makumi ya maelfu ya watu, wengi wao mgambo waliotoka shambani juzi, kwa malori, usiku, kwenye matope ya mvua za vuli, halihitaji adui ili lipoteze watu. Lori linabiringika. Homa inamchukua mtu ambaye hajawahi kulala nje. Bunduki inafyatuka mikononi mwa kijana aliyeishika kwa wiki tatu tu.

Sasa ndege. Oktoba 1978, kabla majeshi ya Uganda hayajavuka kwa wingi, ndege za Amin zilikuja kupiga Bukoba. Madhara ya mabomu yenyewe yalikuwa madogo. Kilichoumiza mji ni kishindo. Vioo vya madirisha vilipasuka na watu wakakimbia, waliokuwa na gari kwa gari, wasio nalo kwa miguu. Baadaye ndege hizo hizo zilijaribu mara kadhaa kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa, mpaka Waganda wakamtafuta fundi wa baruti kutoka machimbo ya Kilembe, mabomu yakategwa kwa mikono, ndipo daraja likaanguka. Hii tunaisimulia kwa furaha. Furaha kubwa zaidi ni ile ya mwisho wa Machi 1979, Gaddafi wa Libya, aliyekuwa upande wa Amin, alipotuma ndege kubwa ya mabomu aina ya Tupolev iipige Mwanza. Ikayakosa matangi ya mafuta, ikapiga kisiwa cha Saanane, ikaua swala. Hakuna kijiwe Kanda ya Ziwa kisichoijua hadithi ya swala wa Saanane.

Lakini katika vita hivyo hivyo, upande wa Mara, mizinga yetu ya kutungulia ndege iliangusha ndege tatu za kivita. Zilikuwa zetu. Hii haina kijiwe.

Mtu akitulia ataona jinsi ilivyowezekana. Bukoba ilikuwa imepigwa kutoka angani, na kila kijana aliyewekwa nyuma ya mzinga kando ya Ziwa alijua hivyo. Uganda ilirusha MiG. Sisi tulirusha MiG, na nyingine zilizotengenezwa China kwa kufuata mfano wa hizo hizo za Kirusi. Ukiwa chini, jua liko usoni na chombo kinapita kwa kasi inayotangulia sauti yake, huwezi kusoma bendera kwenye mkia. Una sekunde chache. Usipopiga, na kumbe ni adui, mji mzima utakulaumu. Ukipiga, na kumbe ni ndugu yako, utaishi na hilo mpaka uzeeni. Nawafikiria wale waliofyatua kuliko ninavyofikiria mizinga yao. Kama wapo walio hai, ni wazee sasa, na sisi tumewaambia kwa ukimya wetu kwamba walichofanya hakisimuliki.

Nitazame kidogo kwa Waingereza, maana wao walizoea kupoteza ndege kwa kiasi ambacho sisi hatuwezi hata kukiwaza. Katika Vita Kuu ya Pili, kamandi yao ya ndege za mabomu ilikuwa na wanaanga wapatao 125,000. Waliokufa ni 55,573. Hiyo ni karibu nusu. Ndege zilizopotea zilizidi 8,000. Mtu akisikia hivyo anaona picha moja tu: anga la Berlin usiku, kurunzi zinamulika, mizinga ya Wajerumani inaunguruma. Picha hiyo ni ya kweli kwa wengi. Lakini zaidi ya 8,000 kati ya wafu hao hawakuuawa na Mjerumani yeyote. Walikufa kwa ajali nje ya mapigano, wengi wao wakiwa bado mafunzoni, kwenye ukungu na vilima vya nchi yao wenyewe, vijana wa miaka 20 na kitu ambao hawakuwahi kuiona Ujerumani. Na wamo kwenye ile 55,573. Hakuna aliyewapunguza.

Kuhusu kutunguana wenyewe kwa wenyewe, nao walianza mapema. Tarehe 6 Septemba 1939, siku 3 tu baada ya kutangaza vita, king'ora cha uongo kililia, ndege zao aina ya Spitfire zikapanda na kuangusha Hurricane mbili za kwao. Rubani mmoja, Montague Hulton-Harrop, alikufa. Walioangusha walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi wakaachiwa. Jina la aliyekufa linajulikana, kaburi lake linajulikana, na aibu ile iliwasukuma kurekebisha namna ya kutambua ndege rafiki. Kama wangeifunika ingejirudia, na nyingine zilijirudia hata hivyo.

Msinielewe vibaya nikadhaniwa nimetumwa na ubalozi. Waingereza walikuwa na uongo wao. Baada ya Dresden na miji mingine iliyoteketea na raia wake, walianza kuwaonea haya hao hao marubani waliowatuma. Mnara wao mkubwa pale London ulizinduliwa mwaka 2012, miaka 67 baada ya vita, wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa. Na kwa watu wetu walikuwa wabaya zaidi. Hawa ndio waliovuka Ziwa Juni 1915 wakaupiga mji wa Bukoba, wakavunja mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani, wakapora. Katika Vita Kuu hiyo ya Kwanza walichukua wapagazi wa Afrika Mashariki kwa mamia ya maelfu, wengi wakawafia njiani kwa njaa na kuhara, wakawazika bila jina. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sababu ilikuwa nini? Ubaguzi wa rangi. Mpagazi alikuwa Mwafrika, akafa kwa tumbo, na mzigo kichwani. Kwa mkoloni hicho hakikuwa kifo cha shujaa.

Ndiyo maana imani yetu ya Kaboya inanichoma. Kipimo chetu ni kingine, lakini kazi yake ni ile ile ya kipimo cha mkoloni, kuwagawa wafu: shujaa ni yule aliyeguswa na adui, waliobaki ni bahati mbaya.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema wakati wa vita siri ni silaha. Kweli. Novemba 1978, baada ya Mwalimu Nyerere kutoa ile hotuba ya sababu, uwezo na nia, hakuna mwenye akili ambaye angetangaza redioni kwamba tumejiangushia ndege. Lakini vita vilikwisha Juni 1979. Siri ya miaka mingi hivi inamlinda nani, na dhidi ya nani? Amin mwenyewe alifia Saudi Arabia mwaka 2003.

Wa pili atasema tunawaumiza wafiwa. Hilo ni zito, na ndilo lililokuwa kinywani mwa yule mzee. Lakini mfiwa anajua. Mjane aliyeletewa habari nusu nusu anajua kwamba ameletewa nusu. Mama aliyeambiwa mwanawe "alianguka kishujaa" bila kuambiwa wapi na namna gani amekaa na swali hilo, akilipeleka kanisani na kulirudisha. Huku kwetu Buhaya mtu hazikwi kimya kimya. Lazima pasimuliwe alivyougua, nani alimwona mwisho, alisema nini. Kumnyima marehemu maelezo ya kifo chake ni kumzika nusu. Tunawafanyia askari wetu jambo ambalo hatungemfanyia jirani aliyeanguka kwenye mti.

Kuna na wale wasio na mnara kabisa. Raia wa ng'ambo ya Mto Kagera, wanaokadiriwa kuwa 1,500, waliuawa na majeshi ya Amin, na hao hakika waliuawa na adui. Kwa kipimo chetu wenyewe walipaswa kuwa mbele. Nenda Kyaka, tazama magofu ya kanisa, kisha uniambie umeona majina yao wapi. Kumbe hata kipimo cha risasi ya adui hatukifuati, tunakitumia tunapotaka.

Naliomba jeshi jambo moja dogo. Pale Kaboya, kando ya mnara wa majina, kiwekwe kitabu ambacho mgeni anaweza kukifungua, na ndani yake kila askari awe na mistari miwili: alitoka kijiji gani, alikufa wapi na vipi. Kwa lori, andika lori. Kwa malaria, andika malaria. Kwa mzinga wa ndugu zake, andika hivyo hivyo, na marubani wa ndege tatu wawemo na mahali zilipoangukia.

Na wewe msomaji wa Muleba, wa Missenyi, wa Karagwe, kama nyumbani kwenu yupo aliyeondoka 1978 asirudi, usingoje serikali. Waliopigana naye wanazikwa kila wiki. Mzee wangu wa Kamachumu, nawe nisamehe kwa siku ile. Ulisema kweli kwamba hayasemwi msibani. Nitakuja Jumamosi isiyo na msiba, na daftari.