Mtandao si intaneti pekee

Wanafunzi wangu wakitamka neno "mtandao", aghalabu hukusudia intaneti tu. Ufinyu huu wa maana una gharama. Mzazi aambiwapo na wanawe kwamba mchezo wahitaji mtandao, hukimbilia kununua data, ilhali michezo mingi yachezeka kwa tarakilishi mbili zilizounganishwa kwa waya mmoja tu, papo hapo sebuleni. Zikiwa tatu au nne, huongezwa kisanduku cha kuunganishia nyaya, yaani swichi, na kila tarakilishi ikapata anwani yake, kwa kawaida ya kuanzia 192.168, fungu lililotengewa mitandao ya ndani. Waya waweza kufika hata mita 100. Sijui ni sebule ya nani hiyo! Mchezo wa Doom, uliotolewa mwaka 1993, uliwawezesha watu wanne kupambana hivyo wakati nyumba nyingi duniani hazijaijua intaneti.

Neno lenyewe lahusu kutandaa. Halikutaja kampuni wala malipo ya kila mwezi. Walimu wenzangu, tuwaache watoto waziunge nyaya hizo wenyewe, kisha tuwatake watueleze kwa Kiswahili walichokifanya. Naliona zoezi hilo kuwa bora kuliko orodha za msamiati tunazowakaririsha.