Ayutthaya Tunaijua, Shangi Je?



Jioni moja mjini Kamembe nilikaribishwa kwa mwalimu mwenzangu, nikawakuta watu wa nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo, wamenyamaza mbele ya televisheni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa Kithai, wa vita na enzi: ndovu wa vita, mabinti wa kifalme waapao kisasi, na mji wa Ayutthaya ukingoja maangamizi yaliyoletwa na majeshi ya Burma mwaka 1767. Hakuna aliyejua Kithai. Maandishi ya Kifaransa yalipita chini ya picha upesi kuliko macho ya watoto, lakini machozi hayakuhitaji mkalimani.

Mwenyeji wangu alikereka. "Haya ndiyo yanayotuharibia vijana," alisema. Sikubaliani naye hata kidogo. Wathai wana haki ya kuililia Ayutthaya yao, nasi hatukatazwi kulia pamoja nao. Kosa ni letu sisi walimu wa Kiswahili.

Katika Kamembe hii hii aliishi Mfalme Yuhi V Musinga. Wabelgiji walimwondoa katika enzi tarehe 12 Novemba 1931, wakamleta huku uhamishoni. Mwaka 1940 wakamhamishia Moba, Kongo, na huko akafariki mwaka 1944. Mtoto wa mwenyeji wangu alinitajia watu watatu wa jumba la Ayutthaya bila kusita. Nilipomwuliza habari za Musinga alidhani nabadilisha mazungumzo.

Na vita je? Shangi, iliyokuwa pamoja nasi katika mkoa wa Cyangugu na leo imo Wilaya ya Nyamasheke, ndipo askari wa Dola Huru ya Kongo walipopiga kambi mwaka 1896. Jeshi la Rwanda likawashambulia, likavunjwa kwa bunduki, na Bisangwa, kipenzi cha marehemu Mfalme Rwabugiri, akauawa. Kabla mwaka ule haujaisha ikaja Rucunshu. Rwabugiri alikuwa amemweka mkewe Kanjogera katika cheo cha mama wa mfalme, awe mlinzi wa Rutarindwa, mwana wa mke mwingine. Mlinzi huyo, pamoja na kaka yake Kabare, ndiye aliyempindua Rutarindwa na kumtawaza mwanawe wa kumzaa, Musinga, angali kijana mdogo. Mtunzi gani wa tamthilia angeomba zaidi ya hayo?

Jibu la baadhi yetu nalijua: mambo ya ikulu ni ya Kinyarwanda, Kiswahili ni lugha ya soko na mpaka. Hoja hiyo haina miguu. Musinga mwenyewe alijifunza Kiswahili zama za Wajerumani, na Bunge letu limekifanya lugha rasmi tangu mwaka 2017. Wala simnyang'anyi mtu Kinyarwanda chake. Tenzi na simulizi za ikulu zimo humo, na zitabaki humo.

Lakini simulizi za ikulu humsifu mfalme. Hata katika mchezo ule wa Kithai, Mburma hakupewa kazi ila kuchoma na kucheka. Sisi tuna jirani ng'ambo ya mto Rusizi, mjini Bukavu, ambaye mababu zake wa Bushi walivamiwa na Rwabugiri mara kadhaa. Tamthilia ya Kiswahili ataisikia yeye pia, na mtunzi ajuaye kwamba Mshi amekaa ukumbini hataandika sifa tupu. Ebrahim Hussein alipotunga Kinjeketile, mwaka 1969, alimwonyesha nabii wake akiwa na mashaka, na mchezo haukupungukiwa kitu. Mulokozi naye alitupa Mukwava wa Uhehe mwaka 1979. Kutoka Rwanda tumetoa nini? Mitihani ya ngeli za nomino, na semina.

Mimi nimekwisha anza na onyesho la Rucunshu, kurasa sita mbovu mbovu. Darasa langu limegombana juma zima juu ya nani aigize Kanjogera, na wasichana wawili bado hawasemezani.