Joto Haliui Peke Yake

Wapo wanaodai kwamba vifo vitokanavyo na joto kali ni kazi ya Mungu, na kwamba binadamu hana la kufanya ila kungoja upepo. Dai hilo ni potofu, tena ni kinga ya viongozi wasiotaka kuulizwa wajibu wao.

Mfano wa Chicago, huko Marekani, watosha. Katikati ya Julai 1995 joto la mji huo lilipanda hadi nyuzi 41. Katika muda wa siku chache watu zaidi ya 700 walipoteza maisha. Chumba cha maiti kilifurika hata yakaletwa malori yenye majokofu. Naye Meya Richard M. Daley, badala ya kuhoji sababu ya vifo hivyo, alianza kwa kuhoji hesabu ya maiti.

Je, waliokufa ni akina nani? Wengi walikuwa wazee maskini, wakiishi peke yao, wasio na mashine za kupoza hewa. Baadhi yao walifunga madirisha kwa kuogopa wezi. Mitaa ya North Lawndale na South Lawndale imepakana, na jua lililoiwakia lilikuwa moja. Lakini kiwango cha vifo cha North Lawndale kilikuwa karibu mara kumi ya kile cha jirani yake. Katika North Lawndale viwanda vilikuwa vimehama, maduka yamefungwa na nyumba zimetelekezwa, hivyo mzee aliogopa kutoka nje. Katika South Lawndale mlikuwa na maduka na watu barabarani. Mzee alikuwa na pa kwenda, na asipoonekana aliulizwa.

Ataambiwa nini, basi, yule asemaye kila mtu ajitunze mwenyewe? Ni kweli kwamba kunywa maji mara kwa mara, kukaa kivulini na kuacha kazi nzito mchana ni wajibu wa kila mtu. Lakini aliyekwisha kuchanganyikiwa kwa joto hajui tena kwamba anahitaji maji. Feni nayo, katika chumba kilichozidi joto la mwili, humpulizia hewa ya moto tu. Mwokozi wake ni yule abishaye hodi, akamkuta ngozi inawaka na maneno hayaeleweki, akampeleka penye ubaridi, akamlowesha maji na kuita gari la wagonjwa mara moja.

Chicago yenyewe ilijifunza. Joto kali liliporudi mwaka 1999, mji ulifungua vituo vya kujipoza, ukawapigia simu wazee na kutuma watu majumbani mwao. Vifo vilikuwapo, lakini vichache sana kuliko vya 1995.

Kwa hiyo asisingiziwe Mungu. Orodha ya wazee waishio peke yao huandikwa kabla ya joto kufika. Kiongozi anayengoja hadi baadaye ataandika orodha ya marehemu.