Sinema za Kutisha na Mvi za Wazee Wetu

Katika mji wa Takaungu filamu ya kutisha haitazamwi kwa jicho linaloitazama London, kwa sababu mtazamaji wa huku hahitaji kushawishiwa kwanza ya kwamba majini wapo. Tangu alipokuwa akisoma chuoni amefundishwa kwamba wao ni viumbe wa Mwenyezi Mungu kama sisi, kwamba wana sura yao katika Kurani Tukufu, ya 72, na kwamba miongoni mwao wamo waumini na wamo waasi. Na akitoka nje huyaona makaburi ya kale na magofu ya mawe ya zama za Wamazrui, waliohamia hapa baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, na aghalabu kila gofu lina hekaya yake ambayo watoto hawasimuliwi baada ya magharibi. Kwa hiyo santuri ya DVD inapotiwa katika deki, baada ya kufutwa vumbi kwa pindo la kanga, na jamaa wakaketi mkekani kuisubiri picha, swali lililo mbele yao si kama mambo hayo yaweza kuwa, bali ni nani atakayebebeshwa lawama yake. Swali hilo nataka kulinena kwa urefu kidogo, kwani katika kaunti yetu ya Kilifi jibu lake limemwaga damu ya watu wasio na hatia.

Nachukua kwanza mfano wa filamu ya Kiingereza ya mwaka 1957, iliyotengenezwa kwa fedha zisizo nyingi, iitwayo Night of the Demon. Iliongozwa na Jacques Tourneur, mzaliwa wa Ufaransa, na asili yake ni hadithi fupi ya M. R. James iliyochapishwa mwaka 1911. Mchawi wake, Karswell, ni bwana mwenye adabu na jumba kubwa, ambaye huwaangamiza mahasimu wake kwa kuwatilia mkononi, bila ya wao kutambua, kijikaratasi kilichoandikwa herufi za kale; na aliyekipokea amekwisha kuhesabiwa siku zake, wala hana uokovu ila amrudishie mwenyewe, naye akipokee kwa mkono wake. Mtu wa pwani akiyaona hayo hana la kuuliza, maana amelelewa kati ya hirizi zilizoshonewa ngozi na makombe yaliyoandikwa kwa zafarani, na talasimu si jambo geni masikioni mwake. Pana mahali kijikaratasi kile kinamponyoka aliyekipokea, kikaruka kama chenye roho kuelekea motoni, kikanaswa na wavu wa chuma mbele ya moto, kikawa kinapapatika. Na katika fasili ile hamna kilichogharimiwa ila karatasi, upepo mdogo na uso wa mtu aliyeduwaa. Na Karswell anapoita tufani katikati ya karamu ya watoto bustanini, mtazamaji wa huku hulitaja jina la kinyamkera, pepo wa kimbunga, kabla hajaelezwa kitu.

Tourneur alitaka shetani wa hadithi ile asionekane, au akionekana iwe kwa kufumba na kufumbua. Mtayarishaji, Hal E. Chester, hakuridhika; akatia zimwi zima, lenye pembe na moshi, mwanzoni na mwishoni mwa filamu, na mwongozaji akalilalamikia jambo hilo baadaye waziwazi. Nionavyo mimi haki ilikuwa upande wa Tourneur, na sababu yangu si ya ufundi peke yake. Hofu isiyo na sura hubaki katika ghaibu, mahali pake pa asili, ambako mja huikabili kwa dua na subira; lakini mara mtengenezaji anapoamua kuwa ni lazima ionekane, hana budi kuitafutia sura, na mwenye mfuko mwembamba, asiyeweza kununua zimwi la Ulaya, hutafuta sura iliyo rahisi kuliko zote. Katika nchi zetu sura hiyo imekuwa ya mzee: kikongwe mwenye mvi zilizotimka, aliyeshika kibuyu na ungo, anayekaa peke yake ukingoni mwa kijiji.

Sisemi haya kwa kuwadharau wenzetu wa Dar es Salaam. Mussa Banzi, aliyetupa filamu za Nsyuka na Shumileta katika miaka ya kwanza ya karne hii, anastahili shukrani kwa kuwafanya viumbe wa kutisha waseme Kiswahili katika sinema, na vijana wengi wa pwani ya Kenya walizitazama kazi za Bongo kwa furaha ya kusikia lugha yao. Ila katika wingi wa filamu za video zilizozagaa masokoni, za kwetu na za Naijeria, mchawi mzee alijirudia mpaka akawa kama mtu wa kweli anayeweza kutambuliwa njiani kwa alama zake. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na wekundu wenyewe watu wenye maarifa wamekwisha kueleza kuwa ni kazi ya moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Tena hofu ya aina hii haihitaji sinema ili iue. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilipatwa na fazaa ya Popobawa, kiumbe kilichosemekana kuwavamia watu usiku, watu wakalala nje makundi kwa makundi mbele ya moto. Na katika fazaa hiyo raia wa mjini Unguja walimkamata mtu mgonjwa wa akili wakamuua, wakidhani wamempata Popobawa mwenyewe. Kiumbe kisichoonekana kilipata mwili, na mwili uliopatikana ulikuwa wa maskini asiyeweza kujieleza.

Hapa Kilifi hatuna haja ya kutazama mbali. Kwa miaka mingi sasa wazee wa Ganze, wa Bamba, wa Vitengeni na kwingineko wamekatwa mapanga au kuchomewa nyumba usiku kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ukiichimbua tuhuma hiyo hukuti jini wala mazingaombwe, bali unakuta shamba, na kijana wa ukoo ule ule ambaye angependa liuzwe. Sheria ya Uchawi iko katika vitabu vya Kenya tangu mwaka 1925, na mauaji ni mauaji mbele ya sheria. Walakini wako wazee waliolazimika kuyahama makwao na kupata hifadhi Kaya Godoma, huko Ganze, wakiishi kama wakimbizi katika nchi ambayo wao ndio waliofyeka misitu yake. Mtu aliyelea watoto na wajukuu, ambaye mvi zake zingalikuwa taji mbele ya majirani, sasa hutia kichwa chake dawa nyeusi ili asionekane amezeeka. Sijui aibu iliyo kubwa kuliko hii katika pwani yetu.

Kwa ajili hiyo filamu ya pili ya Kiingereza ninayoitaja naiona kuwa na manufaa zaidi kwetu kuliko ile ya kwanza, ingawa haina jini hata mmoja. Witchfinder General, ya mwaka 1968, iliongozwa na Michael Reeves, kijana aliyefariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 25. Gharama yake haikufika pauni 100,000. Yahusu Matthew Hopkins, mtu wa kweli, aliyezunguka mashariki ya Uingereza katika miaka ya 1640 akiwatafuta wachawi na kulipwa na miji kwa kazi hiyo. Reeves aliigeuza hofu akaielekeza panapostahili: hatuogopi wale wanaotuhumiwa, twamwogopa mtuhumu, na zaidi ya huyo twaogopa umati uliosimama kimya uwanjani huku mwanamke akiteremshwa juu ya moto. Moto ukiisha kupoa, watoto wa mji huja kuchoma viazi katika majivu yake. Nimewaona watu wazima wakigeuza nyuso zao hapo, na mmoja wao, mzee wa Kigiriama mwenye heshima zake, alisema tu, "Hawa ni sisi," akainuka akaenda zake.

Pwani hii haikosi chochote cha kutengenezea filamu kama hiyo. Gede pekee ingetosha: mji wa mawe uliohamwa katika karne ya 17, wenye kisima, jumba la mfalme na misikiti ndani ya msitu, ambako James Kirkman, aliyeanza kuuchimba mwaka 1948, alikiri katika maandishi yake kuwa siku za mwanzo alihisi anatazamwa kutoka nyuma ya kuta. Mwanachuoni huyo, aliyepima kila ukuta kwa kamba, hakuona haya kuyasema hayo. Nasi tunaoishi karibu tunaona haya gani hata tukakimbilia kuazima meno marefu na damu ya rangi? Kamera ndogo, taa ya mafuta, sauti ya nazi inayoanguka usiku, mlango wa mnazi unaosukumwa na upepo, vyatosha kumtia mtu baridi ya mgongo. Na katika hadithi hiyo kikongwe awe ndiye tunayemhofia maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, anayesikia nyayo nje ya boma na kuzitambua kuwa ni za mwanawe.

Wapo masheikh watakaosema kuwa michezo ya namna hii haifai, na nawaheshimu. Lakini vijana wanaitazama kila siku, iwe kwa DVD au kwa simu, na ni heri watazame iliyotungwa na mtu anayewapenda wazee wao. Idara ya utamaduni ya kaunti, ambayo hutumia fedha kwa matamasha ya ngoma, ingeweza kutenga fungu dogo kwa kazi hii moja. Filamu hiyo isemwe kwa Kigiriama na Kiswahili, ichezwe na watu wa vijiji vyenyewe, na ikimalizika isipelekwe Nairobi kwanza. Itandikiwe shuka nyeupe Bamba, Vitengeni na Ganze, mbele ya machifu na mbele ya vijana wanaongoja kurithi mashamba, na wazee wa Kaya Godoma wapewe viti vya mbele.