MKATABA KWANZA, SAFARI BAADAYE

Kwa mtu wa Unguja au Pemba, Maskati si mji wa mbali. Tangu Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, jamaa wa visiwani wamekuwa na ndugu ng'ambo ile. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipotwaa madaraka, wengi wenye asili ya Omani waliozaliwa Zanzibar walikwenda huko wakashika kazi za serikali na za biashara. Ndiyo maana hata leo msafiri huweza kusikia Kiswahili fasaha katika mitaa ya Maskati, akadhani yuko Darajani.

Lakini wanaokwenda kufanya kazi katika mji huo si watu wa visiwani peke yao. Wapo pia mabinti wa bara, na miongoni mwao wa Nyanda za Juu Kusini, wa Iringa na Mbeya, mikoa ambayo kwa miaka mingi imetoa watumishi wa nyumbani kwa miji yetu wenyewe. Binti huyo amekulia katika nchi ya milima, ambako mwezi wa Julai watu huota moto jioni. Anafikishwa katika mji wa pwani ambao, katika miezi hiyo hiyo, joto lake huweza kupita nyuzi 40. Hana shangazi wala binamu katika mji huo. Anaingia nyumba ya watu, aghalabu kwa mkataba wa miaka miwili.

Wahenga wa pwani walituusia tusisafirie nyota ya mwenzio. Binti wa Mufindi anayekwenda Maskati kwa kuwa amesikia kwamba Wazanzibari huishi vizuri huko, anasafiri kwa nyota isiyo yake. Mzanzibari akidhulumiwa, huenda akawa na mlango wa kubisha. Binti wa Mufindi hubaki na mkataba wake tu. Na kama mkataba hana, hana kitu. Hata Kiswahili anachokisikia kinaweza kumpoza moyo bila ya kumlinda, maana kusikia lugha ya nyumbani si sawa na kuwa nyumbani.

Hatusemi haya kwa kukisia. Katika taarifa yake ya Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za wanawake 50 wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Omani na Falme za Kiarabu. Wengi wao walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kufanyishwa kazi kwa saa nyingi mno, na kulipwa pungufu ya walivyoahidiwa. Tatizo lilikuwamo ndani ya utaratibu wenyewe. Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2003 iliwaweka kando watumishi wa nyumbani, na kibali cha kukaa nchini kilifungamanishwa na mwajiri. Mtumishi aliyeondoka kwa mwajiri bila ya ridhaa yake aliweza kuhesabiwa mtoro, hata kama alikuwa akikimbia kipigo.

Watu wa Iringa na Mbeya wanaijua hadithi hii kwa sura nyingine. Wakati wa ukoloni, wazee wao waliandikishwa kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alitambulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Kipande chake kilihesabu siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. Mwandikishaji alikuja hadi kijijini, akaeleza mema ya safari, akanyamaza juu ya mengine. Taifa huru haliwezi kumwacha wakala wa leo afanye vivyo hivyo.

Wala hatusemi watu wazuiwe kusafiri. Mshahara wa ng'ambo umeezeka nyumba na kusomesha watoto, na anayefungiwa mlango wa mbele huenda akatafuta dirisha, ambako hakuna ofisa wa kumwandika. Tunachodai ni utaratibu. Mkataba wa Kimataifa namba 189 kuhusu watumishi wa nyumbani, uliopitishwa Geneva mwezi wa Juni 2011, umekwisha kuonyesha njia: mtumishi anayevuka mpaka apewe mkataba wa maandishi kabla ya kuondoka kwao, akae na pasipoti yake mwenyewe, na apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki.

Hapa kwetu lipo jambo moja ambalo wakuu wanapaswa kulitazama. Kwa mujibu wa Katiba, mambo ya nchi za nje na uhamiaji ni ya Muungano, lakini kazi si jambo la Muungano. Binti wa Wete na binti wa Rungwe husafiri kwa pasipoti ya nchi moja, na wakipatwa na shida hukimbilia ubalozi mmoja. Mikataba yao, hata hivyo, iko chini ya wizara mbili za serikali mbili. Penye ofisi mbili, wakala mjanja hutafuta iliyo legevu.

Kwa hiyo tunashauri wizara hizo zikubaliane juu ya mkataba wa namna moja, ulioandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu, na juu ya daftari moja la wasafiri ambalo ubalozi wetu Maskati utalipata kabla binti hajashuka katika ndege. Nakala ya mkataba ibaki kwa mzazi, na nyingine kwa mtendaji wa kijiji, ili miezi ikipita bila ya barua wala simu, pawepo mtu wa kuuliza na karatasi ya kuulizia.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana sehemu yao. Wenye jamaa Maskati wawaombe wamfungulie mlango binti wa bara anapopatwa na dhiki, kama wangemfungulia mtoto wao. Hilo ni jambo la utu, na linastahili shukrani. Hata hivyo, ulinzi wa raia ni wajibu wa Serikali, wala hauwezi kuachiwa huruma ya majirani.