Neema za Musimu wa Kaskazi

Pepo za kaskazi zivumapo, tangu Desemba hata Machi, joto la pwani ya Kenya huwa kali, na mwenye busara hupunguza vyakula vizito. Wali, samaki wa kupaka na kachumbari ya maembe mabichi yaliyotiwa chumvi na pilipili humtosha mtu mchana. Kiu na ikatwe kwa dafu au maji ya ukwaju.

Apendaye tembo la mnazi, ikiwa dini yake haimkatazi, alinywe siku ile ile ya kugemwa, kwa kuwa likilala huchachuka, na mwishowe huwa siki. Lakini mwenye shamba akumbuke kwamba karara ligemwalo halizai nazi. Asiigemeshe minazi yake yote, jamaa zake wasije wakakosa nazi za kupikia na za kuuza.

Jioni, bao ndilo burudani lisilotaka fedha. Ubao wa mashimo 32 na kete 64 hukusanya wazee na vijana chini ya mwembe mpaka jua lituapo.

Chini ya mwembe huo huo maembe huanguka na kuoza, hali jirani asiye na mti ana watoto wa kulisha. Yafaa apelekewe kapu zima, maembe yangali mazuri. Kumpa mtu kilichokwisha kuharibika si sadaka, bali ni kutupa taka mlangoni pake.