Mbu amepanda mlima

Juma hili tuongee juu ya mbu.

Bibi yangu, mtu wa milima ya Masisi, alikuwa akisema mbu ni mambo ya watu wa bonde. Kwao walilala na mablanketi mawili, chandarua hawakukijua. Leo wajukuu wake huko huko juu wanakitafuta.

Joto limeongezeka, na mbu hufuata joto la hewa. Akimnyonya mgonjwa wa malaria, kile kimelea lazima kikomae kwanza ndani yake ndipo amwambukize mwingine. Hewa ikiwa na nyuzi 25, kinakomaa kwa siku 12 hivi. Kwenye nyuzi 20 kinahitaji majuma matatu na zaidi, na mbu wengi hufa mbele ya hapo. Chini ya 16 hakikomai kabisa. Sasa sisi wa Goma tunakaa mita karibu 1,500 juu ya bahari, na joto letu la wastani liko karibu na hizo 20. Kwa hiyo nyuzi moja au mbili kwetu si kidogo. Jirani zetu wa Kabale, Uganda, walioko juu kutupita, walishambuliwa na malaria mwanzoni mwa 1998, baada ya zile mvua za El Niño. Miili yao haikuizoea.

Sitasema ni joto peke yake. Vita vimehamisha watu, na wengi wamelala nje bila chandarua.

Mawe yetu ya volkano hunywa maji ya mvua haraka, hiyo ni bahati. Lakini angalieni vidimbwi vya juani, kando ya bomba na kwenye mashimo ya ujenzi: hapo mbu wa malaria hutaga. Mapipa nayo tuyafunike, maana kuna yule mwenye madoa meupe anayeuma mchana na kuleta homa zingine.

Kwenye avenyu yetu mtoto alishikwa na homa mwezi wa saba. Sote tukasema ni vumbi la kiangazi, tukampa dawa ya mafua. Siku ya tatu alianza kushtuka-shtuka, akakimbizwa kwa mgongo wa pikipiki. Alipona, Mungu asifiwe. Kipimo cha tone la damu kilitoa jibu kwa dakika zisizofika 20, na tungeweza kukifanya siku ya kwanza.